Unyayo wa Kuku Uliovimba: Namna ya Kuutibu Nyumbani kwa Wafugaji wa Mombasa

Kuku wanaofugwa uani katika mitaa ya Mombasa, kuanzia Majengo hadi Kisauni na ng'ambo ya kivuko huko Likoni, hukanyaga kutwa vitu ambavyo unyayo wa ndege haukuumbwa kuvistahimili: sakafu ya saruji iliyopigwa jua tangu asubuhi, vipande vya mawe ya matumbawe vilivyoachwa na fundi baada ya kumaliza ukuta, vigae vya chupa, misumari ya mabati na, mvua za masika zinapoanza, tope lililochanganyika na kinyesi. Ngozi ya unyayo ikichubuka au ikichomwa, bakteria wanaoishi juu ya ngozi na katika uchafu wa banda hupata njia ya kuingia, na wanaopatikana mara nyingi ni wale waitwao stafilokokasi. Unyayo huvimba, kigaga cheusi hujitokeza katikati yake, na kuku huanza kuchechemea.

Mwongozo huu unahusu kidonda hicho cha unyayo, namna ya kukitambua na kukitibu nyumbani kikiwa bado kidogo au cha wastani, na mahali ambapo mfugaji anapaswa kusimama na kumwita daktari wa mifugo. Msimamo wangu niuseme mapema: kidonda kikiwahiwa, mara nyingi hakihitaji kisu, lakini hakiwezi kupona kikakaa kimepona ikiwa kuku atarudishwa kwenye sakafu ileile iliyomuumiza.

Kwa nini usaha wa kuku haukamuliki

Jambo moja la maumbile linaeleza karibu taratibu zote zitakazofuata. Chembe nyeupe za damu ya kuku hazina kimeng'enya ambacho kwa binadamu huyeyusha usaha ukawa majimaji. Usaha wa kuku kwa hiyo huganda na kuwa kiini kigumu, cha rangi ya manjano au nyeupe iliyofifia, kilichojificha chini ya kigaga na wakati mwingine kilichotuma vijimzizi kati ya vidole. Anayejaribu kukamua unyayo wa kuku kama anavyokamua jipu lake mwenyewe hatapata kitu isipokuwa kumuumiza ndege na kusukuma uambukizi ndani zaidi, kuelekea kwenye kano na mifupa ambayo katika unyayo iko karibu sana na ngozi. Kiini hutolewa kwa kulainishwa polepole, na kulainisha huko huchukua siku nyingi.

Hakikisha kwanza kwamba ni kidonda cha unyayo

Kuku ni hodari wa kuficha maumivu, kwa sababu ndege anayeonekana dhaifu huchokorwa na wenzake. Dalili za mwanzo basi huwa ndogo: kuku anafika wa mwisho chakula kinapomwagwa, anasimama kwa mguu mmoja kwa muda mrefu kuliko desturi yake, analala chini ilhali wenzake wamepanda fito, au anakanyaga kwa vidole bila kuutua unyayo wote. Ukiona mojawapo, mkamate jioni anapokuwa ametulia, mwoshe miguu yote miwili kwa maji na sabuni laini, kisha ndipo utazame. Usiruke hatua hiyo ya kuosha, maana tope lililokauka pamoja na kinyesi hufanana kabisa na kigaga, na wapo waliochokoa unyayo mzima kwa kudhani wameona ugonjwa. Tazama miguu yote miwili hata kama kuku anachechemea mmoja, kwa kuwa mguu ulio mzima hubeba uzito wa ziada na mara nyingi ndio unaofuata kuugua.

Kidonda chenyewe huonekana chini ya unyayo, kwenye ule mto wa nyama ulio katikati, au chini ya kidole. Hapo patakuwa na wekundu, ngozi iliyokufa na kuwa ngumu, au kigaga cha duara chenye rangi ya hudhurungi au nyeusi, na ukibonyeza pembeni yake kwa upole utahisi uvimbe wenye joto.

Yapo matatizo mengine ya miguu yanayochanganywa na hili. Magamba ya miguu yakiwa yamenyanyuka na kuwa na ukungu mweupe kama chokaa, tatizo ni utitiri wanaochimba chini ya magamba, na dawa yake ni kuosha mguu, kuusugua taratibu kwa mswaki laini na kuupaka mafuta mazito, hata mafuta ya nazi, mara kwa mara ili kuwaziba pumzi wadudu hao. Kidole kikiwa kimevimba na kuwa cheusi kuanzia mahali fulani kwenda mbele, tafuta uzi uliokaza: nyumba iliyo karibu na fundi cherehani, kituo cha kusuka nywele au wavuvi huwa na nyuzi, nywele na vipande vya mshipi wa kuvulia ambavyo hujizungusha kwenye vidole na kukata damu. Kifundo cha juu kikiwa kimevimba ilhali unyayo ni safi, huo huenda ni ugonjwa wa viungo unaohitaji daktari. Na ikiwa kuku zaidi ya mmoja wamepooza miguu ghafla, wamepinda shingo, wanaharisha kijani au wanakufa, achana kabisa na habari ya nyayo, watenge na umwite daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa dalili hizo ni za kideri au ugonjwa mwingine unaoenea.

Pima ukubwa wake

Ukiona wekundu au ngozi ngumu tu, bila kigaga wala uvimbe mkubwa, tatizo lingali jepesi. Kubadilisha sakafu, kuosha unyayo na kuupaka dawa ya kuua vijidudu hutosha. Ukiona kigaga na uvimbe uliobaki kwenye mto wa unyayo peke yake, huku kuku akila, akinywa na kutembea, unaweza kumtibu nyumbani kwa hatua zilizoelezwa hapa chini.

Ukiona uvimbe umepanda juu ya unyayo au umetokeza kati ya vidole kwa upande wa juu, vidole vimeachana, mguu una joto hadi kwenye kifundo, kidonda kinanuka, kuku hawezi kusimama au ameacha kula, hapo uambukizi huenda umeshafika kwenye kano au mfupa na hakuna beseni la maji litakaloutoa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo au uulize katika ofisi ya mifugo ya kaunti. Wanaouza dawa katika agroveti wengi ni watu wa msaada, lakini kuuza dawa si sawa na kuwa daktari. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayosimamia taaluma hiyo inamtaka anayetibu mifugo awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na si utovu wa adabu kumwomba mtu akuonyeshe usajili wake.

Vitu vya kutayarisha

Karibu kila kitu hupatikana katika duka la dawa la mtaani. Utahitaji chumvi ya haluli (ile iitwayo Epsom, si chumvi ya kupikia), dawa ya povidoni ayodini ya asilimia 10, shashi safi, bendeji nyembamba ya kuzungushia, plasta ya kitambaa, glavu, kibano kidogo, beseni ambalo halitarudi jikoni tena, na leso kuukuu. Asali halisi, isiyochanganywa na sukari, ni ya kuwa nayo pia.

Maji yanahitaji neno moja la pekee. Visima vingi vya kisiwani na vya pwani vina maji ya chumvi, na ingawa maji hayo hayadhuru sana wakati wa kulowekea, maji ya kusuuzia kidonda mwishoni na maji ya kunywa ya kuku mgonjwa yawe matamu. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha uyeyushe nusu kijiko cha chai cha chumvi ya kawaida katika robo lita ya maji hayo. Hayo ndiyo maji ya kuoshea kidonda. Yatengeneze upya kila siku na uyamwage yanayobaki.

Hatua ya kwanza: chagua saa na umshike vizuri

Joto la mwili wa kuku huwa karibu nyuzi 41, naye hana jasho. Hupoa kwa kutweta. Ukimfunika leso saa saba za mchana mwezi wa Februari au Machi, anaweza kuzidiwa na joto mikononi mwako kabla hujagusa unyayo. Fanya kazi hii alfajiri au baada ya jua kutua, mahali penye upepo na taa ya kutosha. Mzungushie leso ili mabawa yatulie, mfunike macho kwa ncha ya leso hiyohiyo kwa sababu giza humtuliza, na uache pua na mdomo wazi.

Mshike bila kumkandamiza kifua. Kuku hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama sisi. Hupumua kwa kupanua na kurudisha mifupa ya kifua, na mkono mzito ukikilalia kifua humziba pumzi hata kama pua iko wazi. Watu wawili hurahisisha mambo, mmoja ampakate na mwingine ashughulikie mguu. Akianza kutweta kwa mdomo wazi au kishungi chake kikibadilika kuwa cha zambarau, mwache apumzike kivulini na uendelee baadaye.

Hatua ya pili: loweka

Yeyusha vijiko viwili vya mezani vya chumvi ya haluli katika kila lita ya maji ya vuguvugu. Jaribu joto lake kwa kiwiko chako. Likikuchoma wewe, litamchoma yeye. Msimamishe kuku ndani ya beseni, maji yafunike nyayo na vidole tu, kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Wengi hutulia, na baadhi husinzia. Usimwache ayanywe maji hayo, kwa kuwa chumvi ya haluli humharisha, na kuku anayeharisha katika joto la Pwani hupoteza maji ya mwili upesi.

Baada ya kuloweka, kausha unyayo kwa shashi na utazame kigaga. Kingo zake zikiwa zimeachia, kishike kwa kibano na ukivute taratibu kwenda upande mmoja. Kikija, chini yake huenda ukaona kiini, ambacho wakati mwingine hufuatana na kigaga chote kwa pamoja na kuacha shimo safi. Kikigoma, kiache. Paka dawa, funga, na urudie kuloweka kesho na kesho kutwa. Wanaoharibu hapa ni wale wanaotaka kumaliza kazi kwa kikao kimoja. Damu ikianza kutoka kwa wingi, kuku akitikisa mguu kwa nguvu au akilia, umeshavuka mpaka. Bana mahali hapo kwa shashi safi kwa dakika kadhaa bila kufunuafunua, na ufunge.

Kuhusu kukata kwa wembe, ambako watu huonyeshana kwa picha kana kwamba ni kazi ya kawaida ya nyumbani, sikubaliani nako. Unyayo una mishipa mingi ya fahamu na ya damu, kuku hakupewa ganzi, kano za vidole ziko milimita chache chini ya ngozi, na shimo kubwa lililochimbwa hubaki wazi kwa wiki nyingi kwenye kiungo ambacho lazima kikanyage chini. Zaidi ya hayo, Kenya ina sheria dhidi ya ukatili kwa wanyama. Kiini kikubwa kisichotaka kutoka ni kazi ya daktari mwenye dawa ya ganzi.

Hatua ya tatu: safisha na upake dawa

Suuza kidonda kwa yale maji ya chumvi uliyoyachemsha. Kisha chukua sehemu moja ya povidoni ayodini na uichanganye na sehemu tisa za maji safi, mpaka yashike rangi ya chai ya mkandaa isiyokolea, uloweshe shashi na upanguse ndani na pembeni. Dawa kali isiyozimuliwa haiponyeshi upesi zaidi, bali huunguza nyama changa inayojaribu kuota. Kwa sababu hiyohiyo, maji ya haidrojeni peroksaidi, yanayopendwa kwa kuwa yanatoa povu, hayafai kutumiwa kila siku.

Kidonda kikiwa kimekauka kidogo, paka asali kwa utando mwembamba. Asali huzuia bakteria na huzuia shashi isigandamane na nyama. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kupozwa sioni ubaya wake yakitumiwa kuoshea ngozi isiyopasuka, lakini yasishike nafasi ya ayodini kwenye kidonda kilicho wazi. Vitu vya kukataa kabisa ni mafuta ya taa, petroli, mafuta machafu ya gari, dawa ya kung'arisha nguo, majivu ya moto na dawa ya meno. Vingi kati ya hivyo huunguza, na kuku husafisha miguu kwa mdomo, kwa hiyo kinachopakwa nje huishia tumboni. Dawa za kutuliza maumivu za binadamu nazo, za kumeza na za kupaka, zisitumiwe bila agizo la daktari.

Hatua ya nne: funga

Kunja shashi iwe mto mdogo wa mraba, uiweke juu ya kidonda, kisha uzungushe bendeji kwa kuipitisha kati ya vidole na kuirudisha nyuma ya mguu, mzunguko unaopishana mbele na nyuma, mpaka mto ukae imara. Malizia kwa plasta. Ncha za vidole ziachwe wazi, kwani ndizo zitakazokuambia kama umekaza kupita kiasi: baada ya saa moja zitazame tena, na zikiwa zimevimba, zimepoa au zimebadilika rangi, fungua ufunge upya. Kuku atatembea kwa kunyanyua mguu juu kwa muda fulani, jambo linalochekesha lakini si la kutia wasiwasi.

Katika nchi kavu bendeji ingeweza kukaa siku mbili. Mombasa, kwa unyevu wake, na hasa kuanzia Aprili hadi Juni, ibadilishe kila siku, na papo hapo ikilowa. Bendeji yenye maji hulainisha ngozi nzima na kuwa makao ya vijidudu, na inayonuka huita nzi. Nzi wakitaga kwenye kidonda, ndani ya siku moja utakuta mabuu.

Hatua ya tano: mtenge

Mweke katika tundu au kreti kubwa lenye kivuli, lililotandikwa maranda makavu au matambara safi yasiyo na nyuzi zinazoning'inia, bila fito ya kupandia, maji na chakula vikiwa karibu. Tundu liwe mahali ambapo anawaona wenzake na wao wanamwona. Kuku aliyefichwa kwa wiki mbili hurudi kama mgeni, na hupigwa kama mgeni.

Rudia kuloweka, kusafisha na kufunga kila siku katika wiki ya kwanza. Kidonda cha wastani kinachotii matibabu huonyesha dalili ndani ya wiki hiyo: uvimbe unashuka, joto linapungua, nyama iliyo chini ya kigaga inakuwa ya waridi na kuku anautua mguu. Baada ya hapo loweka kila baada ya siku moja au mbili mpaka ngozi mpya ijifunge, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa. Ikiwa wiki imepita na uvimbe ni uleule au umezidi, usianze kujaribu dawa nyingine. Nenda kwa daktari.

Habari ya antibayotiki

Ushauri wa kwanza ambao mfugaji hupewa ni kununua antibayotiki ya unga na kuitia katika maji ya kunywa. Kwa kidonda cha unyayo, ushauri huo una kasoro mbili. Kiini kigumu cha usaha hakina mishipa ya damu ndani yake, kwa hiyo dawa iliyo katika damu hukizunguka bila kukiingia. Na dawa katika maji huenda kwa kundi zima kwa kipimo kisichojulikana, kwa kuwa mgonjwa ndiye anayekunywa kidogo kuliko wote. Wazima hunywa dawa isiyowahusu, na bakteria hupata nafasi ya kuizoea. Marekani iliondoa ruhusa ya kuwapa kuku enrofloksasini mwaka 2005 kwa ajili ya hofu ya usugu wa aina hiyo, ilhali hapa kwetu dawa hiyo si ngeni kwenye rafu za agroveti.

Antibayotiki ina nafasi yake uambukizi unapopanda mguu au unapofika kwenye mfupa, lakini aina, kipimo na siku ziamuliwe na daktari. Ukipewa, iwe oksitetrasaiklini au nyingine, soma kwenye kibandiko muda wa kusubiri kabla ya kula nyama au mayai, na uuheshimu. Mayai ya siku hizo hayauzwi wala hayapewi jirani.

Rekebisha ardhi anayokanyaga

Sehemu hii wafugaji huisoma haraka, nami naiona kuwa nusu ya tiba. Anza na sakafu. Banda la saruji tupu ni rahisi kufagia na baya kwa nyayo. Litandike maranda ya mbao kwa kina cha sentimita tano hadi kumi. Mafundi seremala wa mtaani huyatoa kwa bei ndogo au bure, ila uyachambue uondoe misumari na pini, na uyakatae yaliyotoka kwenye mbao zilizopakwa dawa. Mchanga mkavu wa mtoni unafaa pia. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, ndiyo maana banda lililotandikwa mchanga huo huonekana lina maji hata siku isiyo na mvua. Geuza matandiko mara kwa mara, uyatoe yaliyoloa, na uangalie zaidi chini ya vyombo vya maji, mahali panapooza kabla ya pengine popote. Kinyesi kinachooza katika unyevu hutoa amonia, ambayo huchoma ngozi ya unyayo na kumfungulia bakteria mlango hata bila mwiba.

Paa likivuja, lizibe kabla ya masika. Ua ukituama maji, inua sehemu moja kwa kifusi kilichofunikwa udongo laini, ili kuku wapate pa kusimama pakavu. Vipande vya matumbawe vyenye ncha, vigae na mabaki ya waya viokotwe; kazi hiyo hufaa kuwapa watoto wakubwa waliovaa viatu.

Kisha fito za kulalia. Fito nyembamba hubana, na ubao wenye ncha kali hukata. Upana wa sentimita nne hadi tano, kingo zikiwa zimelainishwa, humwezesha kuku kulala akiwa ametua unyayo wote. Boriti ya mviringo iliyobaki kwenye ujenzi wa paa la makuti hufaa sana ikipigwa randa kidogo mahali penye vijiti. Urefu kutoka chini usizidi nusu mita kwa kuku wazito. Jogoo wa kuchi, mrefu na mzito, akiruka kila alfajiri kutoka tawi la mwembe hadi kwenye saruji, hupigiza nyayo zilezile mahali palepale, na hakuna asali itakayomponya asipopatiwa pa kulala pa chini au angalau matandiko mazito pa kutulia.

Uzito wenyewe hutokana na chakula. Nyumba nyingi za hapa huwapa kuku machicha ya nazi, wali uliobaki na mahindi meupe. Machicha yana mafuta mengi na huwanenepesha, nayo mahindi meupe, tofauti na ya manjano, hayana viini vya vitamini A, ambayo ndiyo inayoifanya ngozi iwe imara na ijirudie inapochubuka. Punguza machicha yawe kionjo cha mara mojamoja, tumia chakula kamili cha kuku wa mayai kuwa msingi, na uongeze mchicha, majani ya sukuma wiki, boga, karoti au papai lililoiva. Majani mabichi ya muhogo, yaani kisamvu, yana sumu ya sayanidi, kwa hiyo yasitupwe bandani kama mboga nyingine.

Mikono na nyumba

Stafilokokasi humwambukiza binadamu pia kupitia mkato mdogo mkononi, na baadhi ya aina zake zikiingia katika chakula hutengeneza sumu isiyokufa kwa kuchemshwa. Vaa glavu, nawa kwa sabuni mpaka viwikoni, na usifanye kazi hii jikoni wala kabla ya kukuna nazi. Shashi na vigaga vifungwe katika mfuko na kutupwa mahali ambapo kuku wengine hawatavichokoa. Mwenye kisukari au kidonda mkononi amwachie mwingine. Kuku aliyedhoofu, aliyeacha kula au ambaye uambukizi umepanda mguuni asichinjwe kwa ajili ya kuliwa. Daktari akisema hatapona, aombwe amalize mateso yake kwa njia isiyo na maumivu.

Kumrudisha kundini

Mrudishe ngozi ikiwa imejifunga kabisa na anatembea bila kuchechemea, kwa siku mbili tatu za mwanzo akiwa na kundi mchana peke yake, chini ya jicho lako, na jioni arudi tunduni. Zikipita bila ugomvi, mpandishe juu ya fito usiku wenzake wakiwa wamelala. Alama ya ugumu inaweza kubaki kwenye unyayo, na kovu hilo hupasuka upya kwa urahisi, kwa hiyo mshike umtazame kila wiki kwa mwezi mzima. Kundi lililobaki lipitiwe nyayo mara moja kwa mwezi, na mara mbili wakati wa masika, usiku kwa tochi, ukianzia na majogoo na mitetea mizito.